Mwanachuo wa Ngara na Biharamulo, unarudi nyumbani na nini?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaoufuata mwendo wake kwa wema hadi siku ya malipo.

Ndugu msomaji, kila mwaka muhula wa pili unapomalizika katika vyuo vikuu vyetu, mabasi yaendayo Kagera kwa njia ya Kahama hujaa vijana. Yakifika Nyakanazi hushuka wa Kibondo na Kigoma. Yakifika Lusahunga njia hugawanyika: huku Biharamulo na Bukoba, kule Benaco, Rusumo na Ngara. Wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mapori hayo hayakupitika hivi hivi. Mabasi yalikusanywa na kusindikizwa na askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Leo, alhamdulillahi, mwanachuo husafiri akiwa amelala usingizi, akafika kwao na begi la nguo chafu, vitabu viwili vitatu na simu mkononi.

Mama humpokea kwa furaha, baba humuuliza habari za masomo, na majirani hufika kumjulia hali. Kisha hupita mwezi, miwili, hata mitatu, na kijana yule hurudi chuoni. Swali letu la Ijumaa ya leo ni hili: katika miezi hiyo, mtaa wake umefaidika na nini kutokana na yeye kuwa chuoni?

CHUO SI DARASA PEKE YAKE

Mzazi aliyeko Rulenge au Nyakahura ambaye hakubahatika kufika chuo kikuu hudhani kwamba huko kuna vitabu na mitihani tu. Ukweli ni kwamba chuo ni mji mzima. Kwa kijana wa Kiislamu, mwaka wa masomo huanza kwa kupokewa na ndugu zake wa mwaka wa pili na wa tatu, ambao humwonyesha ulipo msikiti, humsaidia kujisajili na humtafutia mwenzake wa kukaa naye. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ijulikanayo kwa kifupi MSAUD, na vyuo vingine vina jumuiya za namna hiyo.

Katikati ya mwaka huwapo darsa za baada ya Maghrib, makongamano ya kitaaluma, mihadhara juu ya uchumi usio na riba, semina za akina dada, na futari za pamoja katika Ramadhani. Mwisho wa mwaka hufanyika mahafali ya kuwaaga wanaomaliza, ambapo wahitimu huusiwa na wataalamu waliowatangulia katika kazi.

Katika mikusanyiko hiyo kijana hupata jambo lisiloandikwa katika mtaala, nalo ni habari. Hapo ndipo anaposikia kwamba nafasi fulani ya ufadhili imetangazwa, kwamba taasisi fulani inapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwamba tarehe ya mwisho ya maombi ni wiki ijayo. Anayekaa na watu wenye habari hupata habari, na anayekaa mbali nazo huzisikia zikiwa zimekwisha.

Hatuna budi pia kutoa tahadhari. Kuna vijana ambao hukimbilia kila mkusanyiko na kila safari hata wakasahau kilichowapeleka. Mwanafunzi aliyeshindwa mitihani akaondolewa chuoni, jambo ambalo wenyewe huliita "kudisko", hurudi kwao kwa basi lile lile lililompeleka, na hakuna kongamano litakalomrudishia mwaka uliopotea. Jumuiya njema ni ile inayomuuliza mwanachama wake juu ya swala yake na juu ya masomo yake pia.

FURSA ZILIZOPO

Ndugu msomaji, hebu tuzitaje baadhi ya fursa hizo ili mzazi azijue kwa majina.

Ya kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bodi hii hukopesha kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji, na yatima, wenye ulemavu na watoto wanaotoka katika kaya zinazosaidiwa na TASAF hupewa kipaumbele. Upo pia ufadhili wa Serikali uitwao Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo si mkopo na haurejeshwi.

Ya pili ni vyuo vya Waislamu wenyewe. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianza kufundisha mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, ambayo Serikali ya awamu ya tatu iliwakabidhi Waislamu. Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichopo Tunguu, kilianzishwa mwaka 1998. Kwa watu wa Kagera, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 nacho si cha mbali, na kina kampasi ya wanawake peke yao huko Kabojja, Kampala. Wazazi wanaohofia kumpeleka binti yao chuoni kwa sababu ya mazingira wanapaswa kulijua jambo hili kabla ya kuamua kwamba safari yake ya elimu imeishia kidato cha sita.

Ya tatu ni ufadhili wa nje. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, husomesha vijana kutoka nchi nyingi duniani na kuwapa malazi na posho. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, mwaka 1983 ilianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mpango huo ulilenga udaktari, uhandisi na fani nyingine za sayansi, na utaratibu wake una mafunzo makubwa. Kwa mwanafunzi, fedha ile ni mkopo usio na riba ambao huurejesha baada ya kupata kazi. Kwa jamii yake, fedha ile ni msaada, kwa kuwa kinachorejeshwa hakirudi Jeddah, bali huingia katika mfuko wa jamii ile ile ili kiwasomeshe wengine. Aliyesomeshwa huwa sababu ya kusomeshwa mwenzake.

SUALA LA RIBA NA DENI

Hapa tuzungumze waziwazi. Kwa miaka kadhaa baadhi ya vijana wa Kiislamu walisita kuomba mkopo wa Bodi, na baadhi ya wazazi wakawazuia, kwa sababu deni lile liliongezewa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Hofu yao haikuwa ya kuchezewa. Katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu (SW) amehalalisha biashara na kuharamisha riba, na makemeo yaliyomo katika aya zile yanatosha kumtetemesha muumini.

Mwaka 2021 Serikali iliifuta tozo hiyo. Hata hivyo, wapo vijijini ambao hadi leo wanaisimulia kana kwamba ipo, na mtoto hunyimwa nafasi kwa hukumu ya jambo lililokwisha kuondolewa. Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba kila mwombaji ausome mkataba wake kifungu kwa kifungu kabla ya kuusaini, na akipata shaka awaulize wanazuoni akiwa na karatasi mkononi, kwani fatwa hutolewa juu ya kilichoandikwa, haitolewi juu ya kilichosikika kijiweni.

Na akishakopa, ajue kwamba deni ni amana. Tumefundishwa katika hadithi sahihi iliyopokewa na Imam Muslim kwamba hata shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Anayepata kazi kisha akajificha ili asirejeshe anazuia fedha ambayo ingemsomesha yatima wa kijiji chake mwenyewe.

HABARI HUFIKA ZIMECHELEWA

Tumezitaja fursa. Sasa tutazame kwa nini haziwafikii wengi wa watoto wetu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Murusagamba, kando ya mpaka wa Burundi, ambaye baba yake amefariki. Amefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Matokeo yanatoka, amefaulu, na kijiji kizima kinampongeza. Anaambiwa aombe mkopo. Maombi hufanywa kwa mtandao wa intaneti. Anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, naye hana cheti. Anahitaji cheti cha kifo cha baba yake ili ahesabiwe yatima, nacho hakikuwahi kuchukuliwa kwa sababu siku ya msiba hakuna aliyefikiri kwamba karatasi ile ingekuja kuwa na thamani. Anahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, na sisi tuishio mpakani tunajua jinsi uhakiki wa uraia unavyochukua muda. Anahitaji sahihi na mihuri ya viongozi. Kila kimoja katika hivyo kinapatikana, lakini hakuna kinachopatikana kwa siku moja. Anapokamilisha cha mwisho, dirisha la maombi limekwisha kufungwa.

Huyu hakushindwa mtihani, wala hakunyimwa na mtu. Amekosa mtu mmoja tu wa kumwambia mwezi Januari yale aliyokuja kuyajua mwezi Agosti. Na mtu huyo yupo, tena pengine ni jirani yake, aliyepitia njia ile ile miaka miwili nyuma na sasa yuko mwaka wa pili.

Hasara hii si ya kijana mmoja. Ngara iliwahi kujulikana duniani kwa siku moja ya huzuni, pale mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Leo wilaya hiyo inatajwa kwa mambo mengine. Hapo Rusumo, baada ya mito Ruvubu na Kagera kukutana, umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa mradi wa nikeli ya Kabanga. Jirani yake Biharamulo imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019. Kazi za umeme, madini, misitu na utalii zinahitaji wahandisi, wanasheria, wahasibu na walimu. Kazi ya namna hiyo haimsubiri mwenyeji asiye na cheti. Humchukua mwenye nacho, atoke popote.

SIKU ISHIRINI ZA MALIK BIN AL-HUWAYRITH

Katika Surat at-Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu (SW) anatufundisha kwamba haiwapasi waumini kutoka wote kwa pamoja, bali kila kundi litoe baadhi yake waende kujifunza dini, kisha watakaporejea wawazindue watu wao. Tuizingatie aya hii. Kutoka ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kurejea na kuwapa waliobaki kile ulichokipata.

Imam al-Bukhari amepokea kisa cha Malik bin al-Huwayrith (RA), nacho ni kisa cha wanafunzi hasa. Anasimulia kwamba walimwendea Mtume (SAW) wakiwa vijana wa rika moja, wakakaa kwake siku ishirini. Mtume (SAW), kwa upole na huruma yake, alipohisi kwamba wamewakumbuka watu wao, aliwauliza habari za waliowaacha nyumbani. Kisha akawaamuru warejee kwa jamaa zao, wakae nao, wawafundishe na waswali kama walivyomwona yeye akiswali.

Mtume (SAW) hakuwaambia wasubiri mpaka wawe wanazuoni wakubwa. Vijana wa siku ishirini walionekana wanafaa kufundisha yale ya siku ishirini. Basi vipi wewe uliyekaa chuoni mwaka mzima useme huna la kuwapa watu wa Kabanga au Runazi?

Na baada ya vita vya Badr, mateka wa Makka waliojua kusoma na kuandika lakini wasio na mali ya kujikombolea walitakiwa wawafundishe watoto wa Madina kuandika, na hiyo ikawa fidia yao. Ikiwa elimu ya mushriki ilipewa thamani ya uhuru wa mtu, elimu ya muumini inayofichwa begini itahesabiwaje?

IJUMAA TATU ZA LIKIZO

Mwenyezi Mungu (SW) amelifanya jambo hili kuwa jepesi. Kwa kawaida dirisha la mikopo na lile la udahili huwa wazi katika miezi ya katikati ya mwaka, na hiyo ndiyo miezi ambayo wanavyuo wengi wamo majumbani mwao kwa likizo ndefu. Mwenye kuhitaji msaada na mwenye uwezo wa kuutoa hukutana katika msikiti mmoja, safu moja, Ijumaa moja. Kinachokosekana ni mpango.

Tunapendekeza jepesi kabisa. Wanavyuo wa mtaa mmoja, hata wakiwa wawili, wamwendee imamu wao kwa adabu wamwombe Ijumaa tatu. Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, watangaze juu ya vyeti: cha kuzaliwa, cha kifo, kitambulisho cha mdhamini, na wapi kila kimoja kinapatikana. Tangazo hilo liwalenge pia walioko kidato cha tatu na cha tano, kwa kuwa wao ndio wenye muda. Ijumaa ya pili wakae na waliomaliza kidato cha sita wawaeleze kozi zilivyo na kila moja inataka ufaulu gani, maana wapo wanaoomba kozi kwa kupenda jina lake. Ijumaa ya tatu waje na simu zao, wawasaidie kujaza maombi mmoja mmoja, kisha wayapitie tena kabla ya kuyatuma.

Msaada huo usiishie kwa Waislamu. Katika Ngara sisi ni wachache na tunaishi na majirani wa dini nyingine, ambao haki ya ujirani wao ni nzito mbele ya Mwenyezi Mungu (SW). Mtoto wa jirani akija na karatasi zake, asaidiwe.

Akina dada wawafuate akina mama majumbani. Mama wa Kihangaza au wa Kisubi hatausoma mwongozo wa udahili, ila atamsikiliza binti wa jirani akimweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba chuoni ameishi kwa stara, amefunga Ramadhani na wenzake na amerudi na swala zake. Ushahidi huo humtuliza mama kuliko mawaidha mengi.

Wale wanaosomea ualimu wanaweza kuomba mazoezi yao ya kufundisha wayafanyie katika shule za kwao. Na maimamu wetu tunawaomba waweke ubao wa matangazo msikitini, na wasimwone kijana mwenye simu kuwa ni mwenye kuchezea muda mpaka wamuulize anachokifanya.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mwanachuo anapofika likizo hupokewa kama mgeni kwa wiki moja, kisha hupewa jembe. Jembe si aibu, na kumsaidia baba shambani ni ibada. Lakini mzazi amwachie mwanawe saa ya baina ya Maghrib na Isha akakae msikitini na wadogo zake, ajue kwamba saa ile ni sadaka inayoendelea, yake na ya mwanawe.

Ndugu yangu mwanachuo, muhula ujao utakapokaa katika kongamano, usisikilize kwa ajili ya nafsi yako peke yake. Kila linapotangazwa jambo la kheri, jiulize ni nani huko nyumbani linamfaa, kisha umpigie simu usiku ule ule, usingoje kesho. Huenda kwa simu hiyo moja yatima wa Murusagamba akakukuta mwakani kituo cha basi, begi begani, akikuuliza msikiti uko wapi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awanufaishe vijana wetu kwa walichojifunza, awafungulie milango wale ambao milango imewafungia, na asiifanye elimu yetu kuwa hoja dhidi yetu siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.